Bahasha ya Zaka na Orodha ya Mishahara

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Warumi 13:1–8, Mathayo 17:24–27, 22:15–22, Kumbukumbu la Torati 24:14, 15, 25:13–16, Yakobo 5:1–6, Nehemia 5, Luka 3:10–14, 19:1–10.

Fungu la Kukariri: Warumi 13:7. Lisome katika Biblia yako na ulikariri pamoja na familia yako.

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, fedha huanza kutembea katika mkoa wa Simiyu. Kutoka Bariadi hadi Itilima, Maswa, Meatu na Busega, watu wa kazi huhitajika kila mahali: wabeba mizigo, makarani wa mizani, madereva, walinzi, mama lishe, mafundi wa mashine katika viwanda vya kuchambua pamba. Maduka nayo huchangamka, na wenye maduka huongeza wasaidizi. Wengi wa watu hawa hulipwa taslimu, jioni au mwisho wa mwezi, bila mkataba, bila hati ya malipo, na mara nyingine bila jina lao kuandikwa popote.

Kulipwa mkononi si dhambi. Mwenye shamba la mizabibu katika mfano wa Yesu aliwalipa wafanyakazi wake jioni ileile (Mathayo 20:8). Swali la dhamiri linaanza pale malipo yanapofichwa.

Tuchukue mfano. Kijana Mwadventista ameajiriwa kutunza hesabu za ghala mjini Bariadi. Yeye na mwajiri wake wamepatana shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwenye orodha ya mishahara anatia sahihi mbele ya shilingi 260,000. Zile 340,000 zilizobaki anapewa pembeni, na haziandikwi. Sabato inayofuata anatoa bahasha ya zaka, na juu yake ameandika shilingi 60,000, sehemu ya kumi ya mshahara wake wote. Mbele za Bwana mshahara wake ni 600,000. Mbele ya serikali ni 260,000. Kijana ni yuleyule, na kalamu ni ileile.

Juma hili tutajiuliza: Je, mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa Mungu kwa ujira ambao ameukana mbele ya watu?

JUMAPILI

Deni Liitwalo Kodi

Soma Warumi 13:1–8. Paulo anaiweka kodi katika kundi gani la wajibu wa Mkristo? Ni sababu gani anazotoa?

Paulo aliandika waraka huu karibu mwaka 57 B.K., Nero akiwa mtawala wa Roma. Waumini wa Roma hawakuwa na kura wala mbunge. Fedha yao ilikwenda mahali wasipopachagua. Hata hivyo mtume hakuwaambia walipe kodi kwa sababu serikali ilikuwa njema katika mambo yote, wala hakusema walipe kwa kuogopa adhabu tu. Katika fungu la 5 anaitaja dhamiri. Mkristo hulipa hata pale ambapo hakuna askari wala mkaguzi.

Angalia pia mpangilio wa mawazo yake. Katika fungu la 7 anataja kodi, ushuru, hofu na heshima kama vitu ambavyo watu wanatudai. Mara moja, katika fungu la 8, anaingia kwenye deni la upendo, deni ambalo hakuna anayelimaliza. Sisi tumezoea kuweka kodi upande wa serikali na upendo upande wa kanisa. Paulo anaviweka pamoja, kimoja kikifuata kingine.

Kodi inahusianaje na upendo? Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni mbili katika mkoa wa Simiyu. Tangu Januari 2016 watoto wao wanasoma shule za msingi na sekondari za umma hadi kidato cha nne bila kulipa ada. Ada haikutoweka, ililipwa na wengine kupitia kodi. Mshahara wa mkunga katika zahanati, dawa zilizo kabatini, na lami ya barabara inayomfikisha mgonjwa hospitalini, vyote vina mtu aliyevilipia. Kwa njia ya kodi, mtu wa Bariadi humhudumia mama mjamzito wa Meatu ambaye hatamwona kamwe wala kusikia asante yake. Huo ni upendo usiotafuta kuonekana.

Soma Mathayo 22:15–22. Waliokuja kumtega Yesu walikuwa na sarafu ya Kaisari. Walikuwa wakiitumia sokoni huku wakiuliza kama ni halali kuirudisha. Yesu aliwauliza juu ya sura iliyochorwa juu yake. Sarafu ina sura ya Kaisari. Mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu (Mwanzo 1:27). Basi kuna kinachoweza kurudishwa kwa Kaisari, na kuna ambacho ni cha Mungu peke yake. Ulimi wangu ni wa Mungu, na mkono wangu unaotia sahihi ni wa Mungu. Hakuna mwajiri anayeweza kuununua mkono huo ili uandike uongo, hata akiongeza mshahara.

Fikiria huduma moja ya umma ambayo familia yako imeitumia mwezi huu. Ni nani walioilipia?

JUMATATU

Nani Anadaiwa, na Kiasi Gani?

Soma Mathayo 17:24–27. Yesu alionyesha kwamba hakudaiwa kodi ya hekalu. Aliushughulikiaje msamaha huo?

Kisa hiki kinahusu kodi ya hekalu, si ya Kaisari, lakini kina fundisho kwa kila mlipa kodi. Yesu alimweleza Petro kwamba Mwana hana deni katika nyumba ya Baba yake. Kisha, ili asiwe kikwazo kwa wengine, akalipa, tena akamlipia na Petro. Hakujificha nyumbani mpaka watozaji wapite. Alisema wazi asichodaiwa. Asiyedaiwa hana sababu ya kujificha.

Hapa tuwe makini, maana dhamiri ya maskini inaweza kulemewa na mzigo ambao hakuna aliyembebesha. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Tanzania Bara Julai 2021, mfanyakazi ambaye mshahara wake unaotozwa kodi hauzidi shilingi 270,000 kwa mwezi hadaiwi kodi ya Lipa Kadri Unavyopata. Kinachozidi 270,000 hadi kufikia 520,000 hutozwa asilimia 8. Kutoka hapo hadi 760,000 kiwango ni asilimia 20, kisha asilimia 25 hadi milioni moja, na asilimia 30 kwa kinachozidi milioni. Asilimia hizi hutozwa kwenye ile sehemu inayozidi tu, si kwenye mshahara wote. Kwa upande wa biashara ndogo, mwenye genge au mama lishe ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni nne hadaiwi kodi ya mapato. Viwango hubadilishwa na sheria ya fedha, kwa hiyo ni vema kuulizia katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato iliyo karibu.

Maana yake ni nini kwetu? Mama aliyepalilia pamba ya jirani kwa siku kumi akalipwa taslimu, na mwezi mzima hakufikisha 270,000, hajamwibia mtu. Asikae kanisani akihukumiwa na somo hili. Mhubiri anayemtaja kama mkwepa kodi anamwonea. Mtu huyo asimame kama Yesu alivyosimama, aseme wazi kile asichodaiwa.

Lakini kijana wetu wa ghala anadaiwa. Na ni nani aliye na wajibu wa kuifikisha kodi yake? Kwanza ni mwajiri. Sheria inamtaka akate kodi kwenye mshahara na kuiwasilisha kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Asipokata, deni halifutiki, na Sheria ya Kodi ya Mapato inawahesabu mwajiri na mfanyakazi wote wawili kuwa wadaiwa. Kwa hiyo yule anayesema, “Hilo ni la tajiri, mimi napokea tu,” amesema nusu ya ukweli. Tajiri ana mzigo mkubwa zaidi, lakini mfanyakazi aliyejua na kukubali hayuko nje ya jambo hili.

Kwa nini ni muhimu kujua kiasi halisi unachodaiwa kabla ya kuihukumu dhamiri yako au ya mwenzako?

JUMANNE

Mizani Mbili Mfukoni

Soma Kumbukumbu la Torati 25:13–16. Kwa nini Mungu anachukizwa na mtu anayemiliki vipimo viwili, hata kabla hajavitumia?

Watu wa Simiyu hawahitaji kufundishwa maana ya mizani. Pamba ndiyo fedha ya mkoa huu, na tangu zamani mkulima amejua kwamba jasho la mwaka mzima linaweza kupotea katika dakika moja ya kupima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, moja ya malalamiko yaliyowasukuma wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa kujiunga pamoja lilikuwa udanganyifu wa vipimo katika vituo vya kununulia. Waliweka wapimaji wao wenyewe kandokando ya mizani ya wanunuzi, ili uzito utajwe mbele ya macho ya watu wawili. Chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani, vyama vya ushirika vilikua, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho kubwa la vyama hivyo lililojulikana kama Victoria Federation.

Hasira ya wakulima wale ilikuwa ya haki. Hata hivyo mizani ina pande mbili. Mnunuzi aliweza kupunja uzito, na mkulima naye aliweza kunyunyizia pamba maji au kuchanganya mchanga ili gunia liwe zito. Kila upande ulikuwa na sababu: “Wao wanatuibia, nasi tujilipe.” Matokeo yake pamba ikapoteza ubora, na mkulima mwaminifu akalipwa bei ya pamba chafu pamoja na wengine.

Sheria ya Musa inazungumzia jiwe kubwa na jiwe dogo katika mfuko mmoja. Mwenye mawe hayo hakuwa mjinga wa vipimo. Alijua uzito wa kweli. Ndiyo maana alihitaji jiwe la pili. Ndivyo ilivyo kwa mwenye tarakimu mbili za mshahara. Kijana wa ghala anajua kwamba mshahara wake ni 600,000. Bahasha yake ya zaka inashuhudia kwamba anajua. Hawezi kusema alikosea hesabu.

Wengine wakiona jambo hili wanaweza kufikia hitimisho lisilo sahihi: kwamba apunguze zaka ilingane na orodha ya mishahara. Hapana. Bahasha ndiyo iliyosema kweli. Kinachotakiwa kubadilika ni ile tarakimu nyingine. Wala zaka haiwezi kuisafisha. Mtu hamlipi Mungu ili apate ruhusa ya kumdanganya jirani. Yesu alifundisha kwamba mwenye jambo na ndugu yake aiache sadaka mbele ya madhabahu, akapatane kwanza, kisha arudi kuitoa (Mathayo 5:23, 24). Sadaka inabaki pale ikimngoja. Mungu haikatai, anamtaka mtoaji arudi akiwa mtu mmoja.

Je, kuna eneo katika maisha yako lenye vipimo viwili: kimoja cha kanisani na kingine cha kazini?

JUMATANO

Ujira Unaolia

Soma Yakobo 5:1–6 na Kumbukumbu la Torati 24:14, 15. Ni nani anayesikia kilio cha ujira uliozuiliwa?

Katika Maandiko, yule anayelaumiwa kwanza katika mambo ya ujira ni mwenye shamba. Yakobo anauonyesha ujira wenyewe ukilia kutoka mashambani, na kilio kikifika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Malaki 3 inajulikana sana kwetu kwa sababu ya zaka katika fungu la 8 hadi la 10. Tusiruke fungu la 5, ambapo Bwana anaahidi kuwashuhudia wanaomwonea mtu wa kuajiriwa. Sura hiyohiyo inayomdai mfanyakazi zaka inamdai mwajiri haki.

Turudi kwa kijana wa ghala, tufanye hesabu yake. Kama mshahara wote wa 600,000 ungeandikwa, angekatwa asilimia 10, yaani 60,000, kwa ajili ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Kodi ingehesabiwa juu ya zile 540,000 zinazobaki, nayo ingekuwa shilingi 24,000. Angeondoka na 516,000. Mwajiri naye angemchangia 60,000 nyingine katika mfuko.

Kwa kuwa imeandikwa 260,000 tu, anakatwa 26,000 za mfuko na hakatwi kodi. Anaondoka na 574,000. Anaona amepata 58,000 zaidi kila mwezi, naye anamshukuru tajiri wake kwa wema.

Sasa tuzichambue hizo 58,000. Shilingi 34,000 ni akiba yake mwenyewe ya uzeeni, ambayo ameipokea leo na huenda ameshaitumia. Shilingi 24,000 ndiyo kodi. Lakini iko fedha nyingine ambayo hakuiona kabisa: mwajiri alipaswa kumchangia 60,000, akamchangia 26,000. Shilingi 34,000 zimebaki kwa mwajiri. Kwa mwaka mmoja kodi iliyofichwa ni shilingi 288,000, na mchango wa mwajiri uliofichwa ni shilingi 408,000. Katika siri hii iliyoitwa msaada, kijana ndiye aliyefichwa fedha nyingi kuliko serikali.

Na si uzee tu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na mwajiri kwa ajili ya mtu anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Fidia hupimwa kwa mshahara. Mkono ukinaswa na mashine, karatasi itasema mtu huyu alikuwa wa shilingi 260,000. Na yule ambaye hakuandikwa kabisa, itabidi kwanza athibitishe kwamba alikuwa mfanyakazi. Siku hiyo ndipo wengi hutambua kwamba kutokuandikwa hakukuwa uhuru. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Ndugu mwajiri, mwenye ghala, duka, gari, shule au kiwanda: huenda unaimba kwaya, huenda ni mzee wa kanisa, na huenda zaka ya biashara yako ndiyo kubwa kuliko zote kanisani. Neno la Yakobo liliandikwa kwa ajili yako pia. Kumpa kijana kalamu na kumwonyesha mahali pa kutia sahihi ya uongo ni zaidi ya kukwepa gharama. Umemfanya mwenye njaa kuwa mshiriki wa dhambi yako, naye hana nguvu ya kukukatalia.

Kama wewe ni mwajiri, hata wa dada wa kazi za nyumbani au wa mchunga ng’ombe mmoja, somo hili linakutaka ubadilishe nini?

ALHAMISI

Sababu Tunazojipa

Soma Nehemia 5:1–5, 14–18 na Luka 3:10–14. Maandiko yanasema nini kuhusu watawala na watoza kodi wanaowalemea watu?

Sababu ya kwanza tunayojipa ni kwamba kodi hutumiwa vibaya. Biblia haifumbi macho juu ya hilo. Wakati wa Nehemia watu waliweka rehani mashamba yao, na wengine walikopa fedha ili walipe kodi ya mfalme, na Nehemia, akiwa liwali, aliacha posho aliyostahili kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito. Yohana Mbatizaji aliwaambia watoza ushuru wasitoze kupita kiwango kilichowekwa. Mkristo ana haki ya kudai risiti, kuhoji matumizi katika mkutano wa kijiji, na kukataa kutoa rushwa. Mambo hayo yote hufanywa mchana, kwa sauti. Uongo kwenye orodha ya mishahara haumrekebishi mtawala yeyote, maana hata hajui kwamba umempinga.

Sababu ya pili ni ya kale zaidi. Babu zetu waliiogopa kodi, nao hawakuwa na kosa kuiogopa. Utawala wa Kijerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na asiye na fedha aliilipa kwa kufanyishwa kazi. Waingereza waliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Hata miaka mingi baada ya uhuru, kodi ya maendeleo iliwafanya wanaume wengi wakimbilie vichakani waliposikia watozaji wanakuja, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Kodi zile zilimdai mtu kwa kuwa na kichwa au kibanda, awe amepata au hakupata. Kodi ya mshahara humdai aliyepata, tena kwa kile kinachozidi kiwango. Tusiibebe hofu ya babu kuwa kisingizio cha mjukuu mwenye kipato.

Sababu ya tatu inamhusu Mwadventista, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. “Mwajiri huyu ananipa Sabato yangu. Nimezunguka miezi minane bila kazi kwa sababu ya Sabato. Nikimwambia aandike mshahara wangu wote ataniondoa, na nitampata wapi mwingine kama yeye?” Tusilijibu jambo hili kwa haraka. Anayesema hivi ana watoto na kodi ya nyumba ya kulipa, na amekwisha kuonyesha kwamba anaweza kuteseka kwa ajili ya Bwana.

Lakini tumsaidie kutazama vizuri. Amri ya nne, ambayo kwa ajili yake alikubali kukosa kazi, iliandikwa kwa kidole kilekile kilichoandika amri ya tisa, inayokataza ushuhuda wa uongo. Kama mwajiri anatoa Sabato kwa sharti la sahihi ya uongo, basi anauza Sabato, na bei yake ni amri nyingine. Bwana wa Sabato hakutuagiza tuinunue kwa bei hiyo. Aliyetutunza tulipokataa kazi ya Jumamosi hakuishiwa njia siku ile.

Je, afanye nini? Hatua zinatofautiana. Kupokea mshahara usioandikwa kwa sababu mwajiri hataki kuandika ni jambo moja; kutia sahihi tarakimu unayojua si ya kweli ni jambo jingine, na hilo ndilo la kuacha kwanza. Aanze kwa mazungumzo ya faragha na ya heshima: “Mzee, naomba niandikwe kiasi ninachopokea, hata kama mkononi nitapata pungufu.” Ombi la mtu anayekubali kupungukiwa ni gumu kudharauliwa. Atunze kumbukumbu yake mwenyewe ya siku na malipo. Awe na namba ya utambulisho wa mlipa kodi, na aulize Mamlaka ya Mapato jinsi ya kulitengeneza lililopita. Kama anaonewa, yuko afisa kazi, na iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huenda itamchukua muda, na katika muda huo kanisa lisimhukumu, limsindikize. Mshiriki mwenye duka amwajiri. Mwenye ghala la chakula amgawie debe la mahindi. Kanisa linalomwambia kijana akatae uongo, kisha likamwacha alale njaa peke yake, limetimiza nusu tu ya somo.

Unamfahamu ndugu ambaye uaminifu umemgharimu kazi? Darasa lako lilimsaidiaje?

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Soma Luka 19:1–10.

Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru mjini Yeriko. Alijua kodi kutoka upande wa pili wa meza, upande wa anayetoza. Yesu alipoingia nyumbani kwake, toba yake ilitoka na hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na marejesho mara nne kwa aliodhulumu. Hakuna aliyemsomea sheria wakati ule. Uwepo wa Kristo ulitosha kumfanya atake hesabu zake zisomeke.

Hilo ndilo linalofanya kodi kuwa jambo la injili na si la sheria ya nchi peke yake. Mtu anayeishi kwa neema hana cha kuficha, kwa sababu Yule ambaye angeweza kumhukumu amekwisha kuona kila kitu na bado amempenda. Anaweza kuandika tarakimu moja kila mahali: kwenye bahasha, kwenye orodha ya mishahara, kwenye daftari la nyumbani ambalo mke wake, au mume wake, anaweza kulifungua. Akidaiwa, alipe, dawa ya deni ni kulipa. Asipodaiwa, aseme hadaiwi. Na wokovu wa siku ile haukumfikia Zakayo peke yake. Yesu aliitaja nyumba yake. Watoto hujifunza uaminifu kwa kumwona mzazi akiandika jambo lilelile Ijumaa jioni anapoandaa bahasha na Jumatatu asubuhi anapotia sahihi.

Kijana wa ghala ana swali moja tu la kujibu mwisho wa mwezi huu. Orodha itawekwa mbele yake, na kalamu. Tarakimu ya kweli tayari anaijua, maana amekuwa akimwandikia Mungu kila mwezi.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki anasema, “Serikali ikiacha kupoteza fedha, nitalipa.” Kwa kutumia Warumi 13 na Nehemia 5, mngemjibuje bila kutetea maovu ya mtawala yeyote?

2. Jadilini tofauti kati ya kibarua asiyedaiwa kodi, mfanyakazi anayelipwa bila kuandikwa, na mfanyakazi anayetia sahihi mshahara wa uongo. Je, hatia yao ni sawa? Kwa nini?

3. Mhazini wa kanisa anaona bahasha za zaka na kwa hiyo anajua kipato cha washiriki. Kwa nini siri hiyo ilindwe? Ni kwa njia gani kanisa linaweza kufundisha uaminifu wa kodi bila kuivunja?

4. Kanisa lenu lina waajiri na lina watafuta kazi. Pangeni jambo moja mnaloweza kufanya kabla ya mwisho wa robo hii, ili mshiriki anayekataa sahihi ya uongo asibaki peke yake.

5. Je, kanisa lenu lenyewe, linapomwajiri mlinzi, fundi au mfanya usafi, linamlipa na kumwandika jinsi gani?